Majina ya Vipimo vya Mvua, Joto, Upepo na Maji: Barua ya Wazi kwa Wapimao Anga na Ziwa Letu

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Kwa watafiti wa uvuvi wa TAFIRI walio hapa Kyela. Na kwa wote ambao, kwa kazi ya kudumu au kwa mradi wa muda, huandika hesabu za hali ya hewa na maji ya pande hizi.

Waheshimiwa,

Naomba idhini yenu niseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa dogo mno kufikishwa mbele ya watu wenye shughuli kubwa kama zenu, nalo ni majina mnayovipa vipimo vyenu katika mafaili mnayotuletea. Sisi wa Kyela, tuliokaa kati ya milima ya Livingstone na mto Songwe, chini ya Rungwe na ukingoni mwa maji, tunaishi mahali ambapo mvua ya mwaka aghalabu hupita milimita 2,000, ambapo Kiwira, Mbaka na Lufilyo huvuka kingo zake wakati wa mvua za Machi na Aprili, na ambapo riziki ya nyumba nyingi imetegemea mpunga, kakao na samaki. Afisa ugani huzisoma hesabu zenu ili ashauri ni lini mbegu imwagwe kitaluni na ni lini miche ipandikizwe; mnunuzi wa kakao huzisoma ili ajue kama siku za kuanika zitapatikana; mwenye chombo huzisikia kwa redio kabla hajakitia mtumbwi wake majini. Hesabu isiyoeleweka, kwa watu hawa, ni heri isingekuja, maana iliyokosekana humfanya mtu awe na hadhari, na iliyopotoka humpa yakini ya uongo.

Zamani shida yetu ilikuwa uhaba. Kulikuwa na vituo vichache, na madaftari ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, idara iliyovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, yalikuwa kwa miaka mingi yakiandikwa kwa inchi kwa mkono wa msomaji mmoja katika kila kituo. Leo shida yetu ni wingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 setilaiti zinatupa makadirio ya mvua kwa kila kipande cha ardhi, hata pale ambapo hapajapata kusimikwa kipima mvua hata kimoja, na mtu mwenye simu na kifurushi cha intaneti aweza, akiwa Ipinda au Matema, kuteremsha hesabu za miaka zaidi ya 40 za shamba lake mwenyewe. Neema hii ni kubwa, nami nawashukuru kwa dhati wote walioifungua milango yake. Lakini hesabu hizo hutufikia zikiwa zimevaa majina yasiyopatana, na mengine yasiyosema lolote.

Chukueni siku moja ya mvua, tuseme mvua ya milimita 20 iliyoanguka juu ya mashamba ya Ipinda. Katika daftari la kituo itaandikwa 20. Katika hesabu za ERA5, zinazotolewa na kituo cha Ulaya cha utabiri, kipimo hicho huitwa "tp", nacho huandikwa kwa mita, hivyo mvua ileile, zikishajumlishwa saa zake 24, itasomeka 0.02. Katika mafaili ya mifano ya tabianchi ambayo jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi huyatumia kuandika ripoti zake, itaitwa "pr", na itahesabiwa kwa kilo za maji katika kila mita ya mraba kwa kila sekunde, nayo itasomeka 0.0002315, na asiyejua kwamba kilo moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kimo cha milimita moja, na kwamba siku ina sekunde 86,400, ataiona kuwa ni ukame. Katika CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, itaitwa "precip"; katika TAMSAT, ya Chuo Kikuu cha Reading, itaitwa "rfe"; na katika IMERG ya NASA, ambayo huhesabu kwa milimita kwa saa, iliitwa "precipitationCal" hadi toleo la 6, kisha toleo la 7 likaja na jina la "precipitation" tu, na programu ya kila mtu aliyekuwa akiita jina la kwanza ikasimama. Mvua ni moja, na aliyelowa ni mkulima yuleyule, ila katika mafaili hayo hakuna mawili yanayoitaja kwa namna moja.

Mabwana na mabibi wa vyuo hivyo wana udhuru wao, kwa kuwa kila mmoja ameeleza maana ya jina lake katika kitabu cha maelezo, na aliye na subira atakisoma. Hitilafu iliyo mbaya zaidi huzaliwa huku kwetu, pale hesabu zinapotolewa katika makao yake ya asili, zikatiwa katika jedwali la mradi, na maelezo yake yakaachwa nyuma. Nimepata kuliona jedwali la mradi mmoja, ambao sina haja ya kuutaja, lenye safu tatu zilizopewa jina moja la "mvua". Ilipochunguzwa ikadhihirika kwamba ya kwanza ilikuwa jumla ya mvua ya mwezi, ya pili ilikuwa wastani wa mvua kwa siku katika mwezi huo, na ya tatu ilikuwa tofauti baina ya mvua ya mwezi huo na wastani wa miaka mingi. Safu ya tatu, kwa tabia yake, ilikuwa na hesabu zenye alama ya kutoa, na kijana mmoja hodari aliyekabidhiwa kulisafisha jedwali, akijua kwamba mvua haiwezi kupungua chini ya sifuri, alizifuta zote akiamini kuwa ni makosa ya uchapaji. Kwa kitendo hicho cha nia njema, miezi yote ya ukame ilitoweka katika jedwali, na iliyobaki ni ile ya neema. Simlaumu kijana, kwani aliliamini jina, na jina ndilo lililomdanganya. Wenzangu wa mpunga wanajua jambo hili kwa sura nyingine: gunia la sokoni huitwa gunia, lakini hata lifungwe lumbesa huitwa gunia vilevile, na muuzaji hajui amepunjwa kiasi gani hadi likae juu ya mizani.

Tena kuna suala la siku. Katika vituo vya Afrika Mashariki kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, na mvua iliyomo ni ya saa 24 zilizotangulia. Lakini siku ya setilaiti nyingi huanza saa sita usiku kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa za usiku. Basi ngurumo iliyopiga Kyela alasiri ya tarehe 11 Aprili itaonekana na setilaiti kuwa ni ya tarehe 11, na msomaji wa kituo, akiwa na bidii na uaminifu wote, ataikuta katika chombo chake asubuhi ya tarehe 12 na pengine kuiandika hapo. Mtafiti akiziweka hesabu hizo mbili ubavu kwa ubavu ataona setilaiti imeonyesha mvua siku isiyonyesha na kuikosa siku iliyonyesha, naye ataandika kwamba setilaiti haifai kwa Kyela. Huenda haifai kweli, kwa kuwa mawingu yanayopandishwa na milima ya Livingstone huweza kumwaga mvua kubwa yakiwa bado chini na vuguvugu, na njia kama ya TAMSAT, inayohesabu muda ambao vilele vya mawingu vimekuwa baridi, huikadiria mvua ya namna hiyo chini ya kadiri yake. Lakini ithibati ya upungufu huo haiwezi kupatikana maadamu hatujui neno "siku" katika kila faili limeanza saa ngapi na kuishia saa ngapi. Vivyo hivyo kwa siku ambayo msomaji alikuwa mgonjwa: faili moja huiachia nafasi tupu, jingine huiandikia -9999, na jingine, kwa uzembe usiosameheka, huiandikia sifuri, kana kwamba kutopima na kutonyesha ni kitu kimoja.

Juu ya joto nitasema machache, ijapokuwa madhara yake si machache. Joto la hewa hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kimo cha mtu hivi kutoka ardhini; joto ambalo chombo cha MODIS hulipima kutoka angani ni la uso wa ardhi wenyewe, ambao katika shamba lililolimwa na kuachwa wazi mchana wa Oktoba huwa moto kupita hewa iliyo juu yake kwa digrii nyingi. Fauka ya hayo, hesabu za MODIS huandikwa kwa namba nzima zinazohitaji kuzidishwa kwa 0.02 ili ziwe Kelvin, hata 15,000 ikawa 300, yaani karibu digrii 27 za Selsiasi. Anayeyaita yote mawili "joto" hampi bwana shamba chochote cha kumwongoza. Na ziwani ni hivyo hivyo: setilaiti huliona joto la ngozi ya maji, pungufu ya milimita moja, ilhali ziwa letu lina kina cha mita 700 hivi, na maji yake ya chini ya mita 250 hayana hewa ya kumwezesha samaki kuishi. "Joto la ziwa" lisilotajwa kina chake ni maneno matupu, nami nawaomba ndugu zetu wa TAFIRI wasilikubali kamwe katika ripoti zao.

Upepo ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu hapo kosa huua. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita Mwera, hupanda kutoka upande wa Msumbiji na Malawi, ukikimbia juu ya maji matupu kwa mamia ya kilomita bila kizuizi, na mawimbi yake huvunjika kwetu sisi tulio kichwani mwa ziwa, Matema, Itungi na Kiwira. Wavuvi wetu, kama manahodha wa pwani walioita kusi na kaskazi, huutaja upepo kwa upande unakotoka. Wataalamu wa hali ya hewa hufanya vivyo hivyo. Lakini wataalamu wa mikondo ya maji huutaja mkondo kwa upande unakokwenda, na katika mafaili mengi ya kompyuta upepo umevunjwa sehemu mbili, moja ya kuelekea mashariki na moja ya kuelekea kaskazini, ambazo alama zake huonyesha unakokwenda. Kwa hiyo safu iliyoitwa "mwelekeo wa upepo", yenye hesabu ya digrii 180, yaweza kusomwa na mtu mmoja kuwa upepo unatoka kusini na mwingine kuwa unakwenda kusini. Kwa wa kwanza, fungeni mitumbwi. Kwa wa pili, upepo unatoka nchi kavu na ufuko umetulia. Mambo haya mawili ni kinyume kabisa, na yametengwa na neno moja lililoachwa kuandikwa.

Kimo cha maji ya ziwa nacho kina historia inayostahili heshima. Mwaka 1915 maji yalishuka hata mto Shire ukakoma kuyatoa, na haukurejea mtiririko wake wa kawaida mpaka katika miaka ya 1930; kisha karibu na mwaka 1980 yakapanda kupita kiasi kilichozoeleka. Anayetaka kujua kama maji yanayoingia leo katika majumba ya mwambao ni jambo jipya hana budi kuziunga hesabu za nguzo za kale za kupimia kimo cha maji na hesabu za setilaiti zilizoanza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992, zikafuatwa na Jason, kisha Sentinel. Hesabu ya nguzo huanzia sifuri ya nguzo ile. Hesabu ya ramani huanzia usawa wa bahari, nayo huliweka ziwa karibu mita 475. Na hesabu ya setilaiti yaweza kuanzia umbo la dunia lililokadiriwa kwa hisabati, ambalo katika sehemu nyingi za dunia hutofautiana na usawa wa bahari kwa mita nyingi. Bodi ya Maji, ninyi mlioko Tukuyu, mnayajua haya kuliko mimi. Ninachowaombeni ni kwamba kila kimo mnachokitangaza kitaje kimeanzia wapi. Na kwa kuwa ziwa lenyewe lina majina matatu, Nyasa kwetu, Malawi kwa jirani wa magharibi, na Niassa kwa Msumbiji, na hifadhi nyingi za setilaiti huliorodhesha kwa jina la pili, andikeni yote matatu katika maelezo ya faili pamoja na longitudo na latitudo. Mzozo wa mpaka kati yetu na Malawi una wenyewe na mabaraza yake. Mwanafunzi wa Kyela anayetafuta hesabu za ziwa analoliona dirishani asizikose kwa sababu yake.

Haya yote, waheshimiwa, yamekwisha kufikiriwa na watu wengine, wala hatuna haja ya kubuni kitu kipya. Kanuni za Tabianchi na Utabiri, ambazo duniani zinajulikana kwa herufi CF, zilitolewa kwa toleo lake la kwanza mwaka 2003, zikiwa kazi ya watu wa vituo mbalimbali, miongoni mwao Jonathan Gregory wa Reading na Karl Taylor wa Livermore. Ndani yake mna jedwali la majina sanifu, ambalo sasa lina maelfu ya majina, na kila jina lina maelezo ya maana yake na kizio chake. Humo, mvua inayohesabiwa kwa sekunde ina jina lake, "precipitation_flux", na mvua iliyojumlishwa kwa muda ina lake. Joto la hewa na joto la uso ni majina mawili. Upepo una "wind_from_direction" na "wind_to_direction", hata pasibaki nafasi ya shaka. Na kimo cha maji kimepewa majina yanayosema kimehesabiwa juu ya nini. Jina likirekebishwa, la zamani halitupwi, bali huhifadhiwa kando ya jipya, ili faili la mwaka 2005 lisomeke hata leo. Na jambo ninalolipenda zaidi katika kanuni hizo ni insafu yake: hazimlazimishi mtu kuacha jina fupi alilolizoea. Anayetaka kuita "tp" au "mvua" na aendelee kuita hivyo, maadamu pembeni ameandika jina sanifu, kizio, muda uliojumlishwa na kimo au kina kilichopimwa.

Najua kuna watakaosema kwamba majina hayo ni marefu, yamechongwa kwa Kiingereza, na mengi yalitungwa na watu waliokuwa wakiifikiria bahari kuliko ziwa. Hoja ya urefu siikubali, kwa kuwa jina fupi humpunguzia kazi mwandishi mmoja na kuwaongezea kazi wasomaji elfu. Hoja ya ziwa ni ya haki, lakini dawa yake imo mikononi mwetu, kwa kuwa jedwali lile liko wazi, na yeyote aweza kupendekeza jina, akaulizwa maswali, akalitetea, na likaingizwa. Tanzania ina sehemu ya maziwa matatu yaliyo makubwa kuliko yote barani; sioni sababu ya wataalamu wake kungoja majina ya maziwa hayo yatungwe na watu wasiopata kuyaona. Na hoja ya lugha ndiyo yenye uzito kuliko zote. Faili la kompyuta na liwe na jina lake la kimataifa, lakini taarifa inayomfikia mkulima na mvuvi inataka jina moja la Kiswahili, lenye maana moja, lisilobadilika kutoka ofisi hadi ofisi. Lugha hii tunayoandikiana isingekuwa na tahajia moja kama watu wasingekutana Mombasa mwaka 1928 na kamati ya lugha isingeundwa mwaka 1930 kuisimamia. Waliokuwa na lahaja zao hawakuzitupa. Walikubaliana juu ya maandishi ya shule na vitabu, basi. Kazi ninayoiomba ni ndogo kuliko ile.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa kuwa sheria namba 2 ya mwaka 2019 imeipa dhamana ya shughuli za hali ya hewa nchini, ikae pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, Bodi za Maji za mabonde na TAFIRI, na itoe jedwali moja la majina ya Kiswahili ya vipimo vinavyotumika sana, kila jina likiwekwa mkabala na jina sanifu la CF, kizio chake, saa ya kuanzia na kuishia, na maelezo yanayofahamika kwa aliyemaliza kidato cha nne. Jedwali lisizidi kurasa chache. Vipimo ambavyo mwananchi huvihitaji havifiki hata mia. Nawaomba pia wenye miradi msipokee wala kulipia jedwali lolote la hesabu ambalo safu zake hazina majina hayo. Na ninyi walimu wa jiografia na hisabati wa shule zetu za Kyela, msingoje waraka: chukueni hesabu za mvua za mwezi mmoja, za kituo na za setilaiti, muwape wanafunzi wazilinganishe, na swali la kwanza liwe ni nini hasa kilichopimwa, kwa kizio gani, kutoka saa ngapi hadi saa ngapi.

Mvua zetu huanza Novemba, na vitalu vya mpunga hutayarishwa kabla yake. Naomba jedwali hilo litangulie msimu ujao.

Wasalaam,

Mkulima wa mpunga na msomaji wa hesabu zenu,
Kyela.